Misuko Uliyoiacha Kichwani mwa Mama Yako

Yaya Akiru,

Mama yako yu hai. Naanzia hapo ili usishtuke, kwa sababu barua ya nyumbani ikija bila kutarajiwa mtu huogopa kuifungua. Yu hai, amekunywa chai leo, na amemgombeza Ekai kwa kutia majani mengi. Lakini mimi nimeshindwa, Yaya. Nilikuja Lodwar kuokoa nywele zake na nimeshindwa, na sina wa kumlilia isipokuwa wewe uliyenifundisha kazi hii.

Nimekaa juu ya mtungi uliolazwa, nyuma ya nyumba ya kaka yako Ekai, kwenye kivuli chembamba cha ukuta. Upepo wa kwenu haujabadilika, unanijaza mchanga mdomoni kila nikipumua. Kesho kibali changu cha kutoka kambi ya wakimbizi kinakwisha na ni lazima nirudi Kakuma. Nimeona nikuandikie hapa, karibu na kaburi lako, kuliko kule mbali ambako hata maneno yangu yangedaiwa kibali.

Kwanza nina hasira nawe. Acha niseme yaishe. Ulitoka hapa ukiwa mzima, umemsuka mama yako, ukarudi saluni kwetu Kakuma unalalamika kichwa. Ukasema ni jua. Mturkana mzima kulalamikia jua! Tukacheka wote wawili, mpaka yule mama wa Burundi aliyekuwa kwenye kiti akauliza tunamcheka nani. Kumbe malaria ilikuwa imeshakupanda kichwani. Watu wananiambia ulikwenda bila kuteseka. Sijui wao walijuaje. Mimi ndiye niliyekuwa nimekushika mkono, na sivyo nilivyoona.

Halafu sikukuzika. Ofisi ya vibali waliniuliza marehemu ni nani yangu. Nikasema ni yaya wangu. Unakumbuka wewe mwenyewe mwanzoni ulivyolikataa neno hilo? Kwetu Fizi, Kongo, yaya ni dada mkubwa, mtu wa heshima. Kwenu Kenya yaya ni binti anayelea watoto wa watu. Ukaniambia, “Mapendo, mimi si mfanyakazi yako.” Baadaye ukazoea, hata ukawa huitiki nikikuita Akiru tu. Basi yule kijana wa ofisini naye alicheka. Nilipomweleza, akaniangalia mimi wa Fizi, akaangalia jina lako la Kiturkana, akasema kwa upole kwamba kibali cha mazishi ni cha ndugu. Nilibishana, nikalia, nikabishana tena. Kilipotoka, ulikuwa umeshafukiwa. Nilibaki na karatasi ya kwenda kwenye mazishi yaliyokwisha.

Saluni bado iko wazi. Mabati ni yale yale, na ule mlango tunaoufunga kwa waya ndio huo huo. Wazee wako wanakuja bado, wale uliowapa kiti hata siku ambazo hawakuwa na kitu. Yule bibi wa Kisomali ambaye hakuwa anafunua kichwa mbele ya mtu mwingine yeyote, sasa ananifunulia mimi, lakini kila mara anatazama kwanza mlangoni. Simwulizi anamtazamia nani. Wasichana wanakuja kutafuta rasta na rangi, wananiambia, “Auntie, fanya haraka, tuko na form,” yaani wana mahali pa kwenda. Ninawasuka. Mkono unafanya, moyo uko kwingine. Nikimaliza nafagia nywele chini na kuketi kwenye kiti chako, kisha nainuka upesi, kwa sababu kile kiti sijaweza kukizoea.

Na nywele zangu. Hilo ni lazima nilitaje, maana yote yaliyotokea hapa yanatoka huko.

Uliponiona mara ya kwanza nilikuwa na kichwa cha aibu. Kambini tulikuwa tunaambizana kwamba nchi za ng'ambo hazichukui wazee, na mimi mjinga nikaamini kwamba mvi ndizo zinazonikosesha safari. Kila ilipochungulia moja niliipaka rangi nyeusi ya pakiti. Niliendelea hivyo mpaka ngozi ikawa inawaka na nywele zikawa zinabaki kwenye kitana. Niliingia kwako kutafuta wigi. Ukanivua kitambaa, ukasema, “Wewe unapigana na kichwa yako mwenyewe, na kichwa imeshinda.” Nilitaka kukutukana. Badala yake nililia mbele ya wateja wote.

Ulinyoa nusu ya zile zilizoungua, ukaniambia nirudi. Nikarudi, na sikuondoka tena. Nilikuja mteja nikabaki mwanafunzi, mwanamke mwenye wajukuu anafundishwa kushika kitana. Ulinifundisha kwa kunifanyia. Ulisema nywele ya uzeeni si ile ya usichana iliyobadilika rangi. Hii ni nyingine kabisa, ngozi imeanza ubahili na haiipi mafuta, basi mafuta uyalete wewe. Uliyatia kabla ya maji, si baada yake, ili yale maji yetu ya kisima yenye chumvi yasinyonye kidogo kilichopo. Ulichana kuanzia nchani ukipanda polepole, na fundo likikataa ulilingoja, ukaongea habari nyingine kwanza. Ulishonea kitambaa changu bitana laini ya gauni kuukuu la harusi ulilookota mtumbani, kwa sababu pamba inakwaruza nywele kavu usingizini. Nami nilikuletea mafuta ya mise ya kwetu, yale ya kokwa za mchikichi, ukafunika pua na kuuliza kama Wakongo wanapika nywele. Baada ya wiki chache ulikuwa unayaficha mezani ili wateja wasiyamalize.

Zikaota, Yaya. Nyeupe, nyingi, laini kuliko za ujana wangu. Nilikuwa nimepoteza nyumba, mume, na mji niliozaliwa, na watu hawakujua namna ya kunisifu ila kwa kunihurumia. Lakini nikivua kitambaa wanawake walisema, “Eh, Mama Mapendo!” Hilo ulinipa wewe. Ulipokufa nilizigusa kila asubuhi nikijua kwamba kila unywele ulipita mikononi mwako. Mwenzangu anaweka picha ya marehemu ukutani. Mimi nilikuwa na kichwa.

Ndiyo maana Ekai aliponipigia simu nilielewa kabla hajamaliza. Alisema, “Mapendo, kuja. Mama amekataa wembe. Kichwa inanuka sasa. Wamama wanasema Jumamosi watamshika kwa nguvu.”

Mila yenu unaijua kuliko mimi. Mtu akifa, wanawake wa nyumba huvua shanga na kunyolewa. Mama yako shanga alizivua bila ubishi, zote, mpaka shingo yake ikaonekana nyembamba kama ya mtoto. Kwa wembe akasema hapana. Wenzake walinyolewa, nywele zikaota tena, yeye bado ana misuko. Mwanzo walimvumilia kwa sababu ya uchungu. Kisha mbuzi wawili wakafa, na mtoto wa jirani akaugua, na shangazi yako akaanza kusema waziwazi, “Hii kichwa ndio inaweka kifo hapa nyumbani.”

Safari hii kibali hawakuninyima. Nilisema nakwenda kumtibu mama mzee ngozi ya kichwa, na hilo halikuwa uongo.

Nilifika Jumatano. Mama yako, Ata, alikuwa amekaa mlangoni pa akai yake, kile kibanda cha fito na makuti, kwa sababu nyumba ya mabati ya Ekai anasema inamchoma. Na mimi namwita Ata kama wajukuu wanavyomwita, unajua sijawahi kuthubutu kulitaja jina lake. Nikasalimia, akaitikia, akauliza habari za safari kama mtu wa kawaida. Kisha upepo ukageuka nikaisikia harufu.

Yaya, alikuwa ameipaka misuko yako udongo.

Unajua anachokijua yeye. Msichana wa Namoruputh, ameolewa enzi ambazo wanaume walijenga nywele zao kwa udongo na kuchomeka manyoya ya mbuni, na mke ndiye aliyeshika kazi hiyo. Amewahi kukusimulia jinsi kichwa cha baba yako kilivyokaa msimu mzima bila kuharibika, analala na kigogo chini ya shingo. Basi alipoona misuko uliyomsuka inaanza kulegea, inafumuka kwenye sikio, alifanya anachokijua. Alimtuma mjukuu alete udongo kando ya mto Turkwel, akauponda kwa mafuta ya mbuzi, akaziba kila msuko, safu kwa safu. Alikuwa anazuia mikono yako isiondoke.

Ule udongo ulifaa nywele za vijana wa vita, nene na nyeusi. Nywele za bibi wa umri wake, zilizokauka, zinazokatika hata kwa kitambaa kibaya! Udongo ulinyonya kila tone, ukakauka, ukapasuka, na kila ulipopasuka ulipasuka na nywele. Chini yake ngozi ilikuwa imetoka vidonda. Alikuwa anajikuna kwa kijiti cha mswaki, taratibu sana, akikwepa misuko asije akaigusa.

Ilikuwa ile misuko myepesi ya kurudi nyuma, minene, isiyovuta ngozi, uliyokuwa ukiwasuka wazee wote. Kwetu Fizi ule mtindo una jina, wanauita twende kilioni, kwa sababu unasukwa upesi mtu akiwahi msiba. Jina hilo sikulitamka hapa.

Nilipoinama nitazame, ndipo nilipoona kitu ambacho msusi yeyote angekijua na bado sikukitarajia. Misuko ilikuwa imesogea. Uliianzia kwenye ngozi, na sasa ilianza mbali na ngozi, upana wa vidole viwili hivi. Hizo za katikati zilikuwa zimeota tangu ufe. Nyeupe tupu, hazijawahi kukuona. Niliweka kidole pale nikajua ndio urefu wa kifo chako.

Ata aliushika mkono wangu. Akasema, “Hii ni mkono ya mtoto yangu. Wanataka kukata mkono yake. Wewe pia?”

Nikamwambia hapana, Ata. Nikamwambia nitaulainisha ule udongo kwa mafuta tu, sitafumua kitu bila ruhusa yake. Siku ile na iliyofuata sikufanya jingine. Nilipasha mafuta ya mise juani, nikayadondosha kwenye nyufa, nikangoja. Nilikata shubiri nikapaka vidondani. Nilimfunga kile kitambaa changu chenye bitana. Wakati wote huo alikuwa ananihadithia habari zako: jinsi ulivyomficha mwanambuzi ndani ya nyumba wakati wa ukame, ukampa sehemu yako ya maji, jinsi ulivyokataa kuolewa na mzee mwenye ngamia wengi, baba yako asiongee nawe msimu mzima. Alicheka hata. Nikajidanganya kwamba nimefaulu. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone, na mimi nikaanza kuvimba kichwa kwamba huyo mgeni ni mimi.

Ijumaa alasiri udongo ulikuwa umelainika. Nikamwomba nifumue msuko mmoja tu, ule wa nyuma ya sikio la kushoto, ulioanza kufumuka wenyewe. Nilimweleza kila kitu. Nikamwambia, Ata, nywele hizi zikikaa hivi zitang'oka zote na vidonda vitaingia ndani. Nikizifumua polepole, nikaziosha, nitazisuka tena kwenye njia zile zile, kwa sababu njia hizo alinifundisha mwenyewe. Nikamwonyesha mikono yangu. Aliigeuza, akaitazama viganjani. Kisha akainamisha kichwa.

Nilifanya ulivyonifunza. Mafuta, kidole, si kitana. Kuanzia nchani. Sikuvuta, Yaya. Naapa mbele ya Mungu na mbele yako, sikuvuta. Msuko ulitoka mzima mkononi mwangu. Ulikatika pale pale, kwenye mpaka wa nywele ulizosuka wewe na zile zilizoota baada yako. Pale ndipo udongo ulikuwa umekaza zaidi.

Ata alihisi kichwa kimepungua. Akapeleka mkono nyuma ya sikio, akakuta hakuna. Akageuka, akauona mkononi mwangu, umelala na udongo wake.

Akasema, “Rudisha.”

Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayeomba chumvi. “Rudisha, Mapendo.” Nikamwambia haurudi, Ata. Akasema, “Wewe ni fundi. Rudisha.” Na mimi, mwanamke mzima, niliushika ule msuko nikauweka nyuma ya sikio lake, nikaukandamiza kwa kidole, kana kwamba ungeshika. Ulianguka begani. Nikauweka tena. Ekai alikuja akanishika mikono.

Baada ya hapo alinipa mgongo. Alikataa uji, alikataa maji. Nimeona misiba, Yaya, unajua niliyoyaona kabla ya kufika Kakuma. Lakini sijawahi kujiona mchawi kama jioni ile, nimekaa karibu na mama yako nikinuka mafuta.

Jumamosi asubuhi wanawake wakaja, shangazi yako mbele na wembe ndani ya kanga. Nikauziba mlango wa akai kwa mikono miwili. Nikasema hamtampitisha wembe juu ya vidonda, ngozi yake ni nyembamba mno, atatoka damu. Wakasema ya kwao. Nikasema ya kwangu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini siku hiyo zangu ziliniishia. Nilianza kupiga kelele kwa Kiswahili cha kwetu mpaka hata Ekai hakuelewa. Sikuwa tena namtetea Ata. Nilikuwa natetea misuko yako. Nilijua imekufa, nilijua imeoza, na bado nilikuwa tayari kupigana.

Shangazi yako aliningoja nichoke. Ni mwanamke mpole kuliko anavyoonekana. Akaninyooshea kidole kwenye kitambaa, akasema, “Unasema ni dada yako. Nywele iko kichwani. Dada gani huyo?”

Niliishusha mikono kutoka mlangoni. Miezi yote hii nimelia, na hakuna aliyenihesabu kati ya waliofiwa. Ofisini hawakunihesabu. Hapa nilidhani nimehesabiwa, kumbe nami niliyejiita ndugu sikuwa nimetoa kile ambacho ndugu wametoa.

Kisha nikahisi kitambaa kinavutwa kwa nyuma. Ni Ata, amesimama peke yake, kwa mara ya kwanza tangu nifike. Alinivua kitambaa mbele ya wote, akatia vidole kwenye nywele zangu mpaka kwenye ngozi, akazipima na kuzipekua, kama anavyopekua manyoya ya mbuzi anayetaka kumnunua. Akazinusa. Akasema kwa Kiturkana, na Ekai akanitafsiria, kwamba hii pia ni kazi ya mtoto wake. Halafu akaniambia mwenyewe kwa Kiswahili, taratibu, nisije nikakosea: “Anza wewe. Kama wewe inakubali kuachana na yeye, na mimi inakubali.”

Ningependa kukuandikia kwamba nilikubali kwa moyo mkuu. Sikukubali hivyo. Nilisema moyoni, hapana, hizi hapana. Nimechukuliwa kila kitu, hizi ni zangu. Nilitazama barabara. Niliwaza kukimbia, mimi na miguu yangu hii! Nilikuchukia kidogo kwa kunipa kitu kizuri namna hii halafu ukafa. Nikamtazama Ata, kichwa chake kimejaa udongo na vidonda, midomo imekauka kwa kukataa maji, na nikaona kwamba ananingoja mimi. Nisipokaa chini, hatakaa. Watamshika. Au hawatamshika, na atakufa hivyo hivyo, akizuia mikono yako kwa udongo.

Nikakaa.

Walinimwagia maji kidogo. Wembe wa shangazi yako ni mkali na mkono wake ni mwepesi, ungemsifu. Zilianguka mapajani, nyeupe, zinang'aa mafuta. Nilikuwa nazikusanya bila kujua, nazirundika, mpaka mwanamke mmoja akaniondolea mikono polepole. Nililia kwa sauti, Yaya, kama nilivyotaka kulia kaburini kwako. Na wale wanawake, waliokuwa wakigombana nami dakika chache nyuma, wakaanza kulia pamoja nami. Walilia upya, kana kwamba umekufa asubuhi ile.

Ata alinyolewa baada yangu. Hakushikwa na mtu. Nilimpaka mafuta kila mahali penye kidonda, nikamwongoza shangazi yako mkono, tukapita pembeni pembeni. Misuko ilitoka mmoja mmoja, mingine kabla wembe haujaigusa. Ata aliitazama wakiikusanya pamoja na nywele zangu, nikashindwa kutofautisha zipi zake zipi zangu. Wakaenda kuzifukia nyuma ya boma, mbali na mbuzi.

Kichwa chake ni kidogo, Yaya. Hujawahi kukiona bila nywele. Kina kovu la zamani juu ya sikio, na mtaro katikati kama wako. Nilikiosha kwa maji ya vuguvugu na shubiri, nikakikausha kwa kukigusagusa. Halafu akapeleka mikono yote miwili juu, kule alikozoea kuishika misuko kila siku tangu ufe, ikateleza. Akasema, “Na sasa nitashika nini?”

Nimekaa miaka na wewe, nimesikia maneno yako yote ya kuwatuliza wazee kwenye kile kiti, na hata moja halikuja. Nikainama nikaweka kichwa changu chini ya mikono yake. Alikishika. Akakishika muda mrefu, kama kibuyu. Akasema kina moto, nisikae juani bila kitambaa.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Wengine wanasema sasa nyumba imetulia. Usiku Ekai alipata usingizi. Mimi sijatulia, sikufichi. Nikipitisha mkono kichwani nashtuka kila mara. Wasichana wa Kakuma watanicheka, watasema msusi gani huyu hana hata unywele mmoja, na mimi sijui nitawajibu nini. Kinachoniua ni kwamba zitaota. Baada ya muda zitaota, kwake na kwangu, nyeupe na kavu, na kati ya hizo hakuna hata moja itakayokuwa imeguswa na wewe. Nilikuwa nimebaki na hicho tu, na nimekitoa kwa mkono wangu.

Lakini nakuahidi. Zitakazoota kichwani mwa mama yako nitazitunza kuanzia siku ya kwanza, mafuta kabla ya maji, kidole kabla ya kitana. Nitaomba kibali kila watakapokubali kunisikiliza, na wakininyima, Ekai nimeshamfundisha. Ana mkono mzito, lakini anajitahidi, na Ata anafurahia kumgombeza. Udongo nimemkataza. Amekubali, ingawa amesema nisimfundishe udongo.

Kwaheri, Yaya. Nilikuwa sijawahi kukuaga. Pumzika huko bila maumivu ya kichwa.

Nilitaka kuandika zaidi, ila mama yako ananiita kutoka mlangoni. Ananiita kwa jina lako. Ekai amemsahihisha, naye ameita tena vile vile. Ngoja niende niitike.

Mapendo